Pumzi ya Mwalimu Tak (Sehemu ya Saba)

"Mimi ndiye niliyekuwa naendesha."

Kalamu yetu ilikatikia hapo Jumamosi iliyopita, msomaji, na aliyesema maneno hayo hakuwa Mwalimu Tak. Alikuwa mkewe.

Tak Myeong-gu alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake. Mlango wa gari ulikuwa wazi, injini bado inanguruma. Mbele yao, kwenye mistari ya kuvukia watoto wa shule ya msingi, bendera ya njano ya Bibi Gil ilikuwa imelala kwenye lami. Mwenyewe alikuwa ameshapakiwa kwenye gari la wagonjwa, nyonga imevunjika. Miaka sabini na mitatu, na kila asubuhi alijitolea kusimama pale na fulana yake ya njano kuvusha watoto wa watu.

Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi, na mji mzima wa Jecheon, kule Korea, ulikuwa unakwenda kazini.

Afande Ban So-ra, msichana wa miaka ishirini na minne, kofia yake bado mpya, alimtazama mke wa Tak kuanzia nywele hadi viatu.

"Wewe, Mama?"

"Mimi."

"Na Mwalimu alikuwa wapi?"

"Pembeni yangu. Alikuwa amesinzia."

Tak alisikia kila neno. Alichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo tu. Lakini alikuwa mwalimu wa udereva kwa miaka kumi na tisa, na kichwani mwake mambo yalipita kwa mpangilio huu: leseni, kazi, ada ya chuo ya binti yake Dan-bi. Bibi Gil alikuja wa nne. Baadaye, kila alipoukumbuka mpangilio huo, alitamani ardhi immeze.

Akanyamaza.

Afande alimpa Mama Dan-bi kifaa cha kupimia pombe kwenye pumzi. Akapuliza. Kifaa kikaandika sifuri.

"Sawa. Mwalimu, una la kuongeza?"

Hakumwita mwalimu kwa heshima tu. Mwaka juzi afande huyu alikaa kwenye gari la mafunzo, Tak pembeni yake, breki ya pili ikiwa chini ya mguu wa Tak. Alifaulu mtihani mara ya kwanza. Alimletea boksi la tufaha kushukuru.

"Mke wangu ameshasema," Tak alijibu.

Msomaji, usiniulize maneno hayo aliyatoa wapi.

Afande Ban akatikisa kichwa polepole. Akaenda kwenye gari, akainama, akachungulia ndani, akazima injini. Aliporudi, hakumtazama Tak.

"Mama, naomba ukae kwenye usukani. Usiwashe kitu. Kaa tu, kisha ukanyage breki nione."

Mama Dan-bi akaingia. Ni mwanamke mfupi. Wenzake wa soko la mitishamba humwita Kifungo. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, kwa ajili ya miguu mirefu ya mumewe. Akateleza mbele. Akateleza tena, mpaka akawa amekalia ukingo wa kiti, na hata hapo ni ncha tu ya kiatu iliyogusa breki, kama mtu anayeonja maji kwa kidole cha mguu kujua kama ni ya moto.

"Siku ya kwanza kabisa," Afande Ban alisema, macho yapo kwa Mama Dan-bi lakini maneno yanakwenda kwa mwingine, "mwalimu wangu alinifundisha. Kiti kwanza, vioo pili, mkanda tatu. Alinikatalia kugusa ufunguo mpaka niyaseme mara kumi."

Wazazi waliokuwa wanaleta watoto langoni walikuwa wamesimama. Mama mmoja alishatoa simu.

"Nilikirudisha kiti nyuma nilipokuwa nashuka," Mama Dan-bi alisema. "Nipate nafasi ya kutoka."

"Mtu amelala barabarani, wewe ukapata muda wa kurudisha kiti?"

Mama Dan-bi hakushuka. Aliushika usukani kwa mikono miwili, kidevu juu, akaendelea kunyoosha mguu kuitafuta ile breki, huku watu wanamtazama. Mtu mmoja langoni akacheka kidogo.

"Kamera ya gari itasema baadaye," Afande aliongea kwa sauti ya chini. "Mimi nataka kusikia kwa mtu. Nauliza mara ya mwisho, halafu naandika."

Tak aliutazama mguu wa mkewe.

"Mtoe hapo," akasema. "Ni mimi."

"Baba Dan-bi, nyamaza."

"Shuka, Mama Dan-bi. Niliyekuwa naendesha ni mimi."

Alikipokea kile kifaa mwenyewe. Picha ya kifaa hicho imebandikwa ukutani kwenye darasa lake, na kwa miaka kumi na tisa ameigonga picha hiyo kwa rula, akiwaambia vijana kwamba mwisho wa pombe kwa dereva ni sifuri nukta sifuri tatu na hapo hakuna mjadala. Akapuliza kwa nguvu, kama anayetaka kuitoa roho yenyewe.

Sifuri nukta sifuri saba nne.

Wale wa langoni hawakuhitaji kuambiwa. Waliisoma namba usoni mwake. Mzazi mmoja akamvuta mtoto wake nyuma, ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Saa mbili asubuhi," alisema mzee mmoja. "Na ndiye anayewafundisha watoto wetu kuendesha."

* * *

Kituoni walimpa chai ya shayiri kwenye kikombe cha karatasi. Mama Dan-bi aliambiwa anaweza kwenda kazini, akakataa. Alikaa kwenye benchi nyuma ya mumewe, mkoba mapajani.

"Sheria yetu haimfungi mke kwa kumficha mumewe," Afande Ban alianza. "Lakini mume akimtuma mkewe adanganye, hiyo ni kesi nyingine."

"Sikumtuma."

"Najua. Hukumtuma. Ulimwacha tu."

Tak akainamisha kichwa. Angetukanwa angepata pa kushika.

"Jana ulikunywa wapi?"

"Tulikuwa na chakula cha wafanyakazi. Nyama ya nguruwe ya kuchoma, na soju, ile pombe yetu kali."

"Kiasi gani?"

"Chupa mbili, kwa muda wote tuliokaa pale."

"Mpaka saa ngapi?"

"Saa nne usiku. Nikaita dereva wa kukodi, akanirudisha nyumbani na gari langu. Mpigie, namba yake ipo kwenye simu. Mimi siendeshi nikitoka baa, Afande. Muulize mtu yeyote." Aliyasema kwa majivuno kidogo, kisha akayasikia, akapunguza sauti. "Nikalala. Asubuhi nikaoga, nikanywa supu ya samaki mkavu. Nikajiona niko sawa."

"Supu haimalizi pombe, Mwalimu."

"Najua."

"Wala kuoga, wala kahawa, wala kutoka jasho. Ini lina mwendo wake mmoja; ukilikimbiza halikimbii. Linapunguza kidogo kidogo kila saa, uwe umelala au unacheza mpira. Na mtu anaweza kujiona mzima huku macho na mguu wake bado vimelewa. Hayo yote ulitufundisha wewe."

"Ndiyo."

"Basi tufanye hesabu pamoja."

Akachora mstari kwenye karatasi, akaandika saa, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili asubuhi. Akamuuliza uzito wake. Akapunguza saa baada ya saa, kwa utaratibu ule ule ambao Tak huutumia ubaoni, mpaka ncha ya kalamu ikafika mwisho wa mstari.

"Kwa chupa mbili, saa mbili asubuhi hii damu yako ingekuwa haina kitu. Au kingebaki kidogo mno. Kifaa kinasema sifuri nukta sifuri saba nne."

"Kifaa kimekosea," Mama Dan-bi alisema kutoka kwenye benchi. "Nimelala naye. Supu nimempikia mimi."

"Tumempima mara mbili, Mama."

"Basi alikunywa chupa nyingi zaidi. Hawa wanaume wakiwa mezani huwa wanahesabu?"

"Nimewapigia watatu waliokaa naye meza moja. Wote wanasema aliaga mapema, anatembea sawasawa." Afande Ban akaweka kalamu chini. "Mwalimu, hii si pombe ya jana."

Sasa, msomaji, kuna jambo ambalo Tak hakuwahi kumwambia mtu. Hata sisi tunaomfuata wiki ya saba hii alitunyima.

Alishusha mikono yake chini ya meza. Kumbe hicho ndicho kilichomponza.

"Weka mikono juu, Mwalimu. Niione."

Akaiweka. Ilikuwa imeshaanza. Vidole vilitetemeka juu ya meza kama vya mtu aliyeopolewa kwenye maji ya barafu, na kadiri alivyovikaza ndivyo vilivyozidi. Chai ikacheza kikombeni.

"Saa kumi na mbili asubuhi," alisema. "Kwenye roshani ya nyumbani, nyuma ya mfuko wa sabuni ya kufulia. Kuna chupa."

"Ulikunywa kiasi gani?"

"Karibu yote."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya mikono. Nisipokunywa inatetemeka. Mwanafunzi akimwona mwalimu anatetemeka anaogopa, hawezi kuendesha." Alisikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa na akili. Kila asubuhi yalikuwa na akili. "Nikipata kidogo inatulia. Nakuwa mtu."

Mama Dan-bi huanika nguo kwenye roshani hiyo kila siku ya Mungu.

"Nilidhani ni harufu ya jana," mkewe alisema kutoka kwenye benchi, na hakuwa anamwambia mtu. "Kila siku nilidhani ni ya jana."

"Tangu lini?" Afande aliuliza.

"Miaka miwili. Na miezi kadhaa."

Kalamu ilikuwa inaandika. Ikasimama. Tak alijua imesimama kwa nini kabla afande hajainua uso, na kama angeweza kuingia chini ya meza ile akajifunika na zulia, angeingia.

"Mimi ulinifundisha mwaka juzi, mwezi wa kumi," Afande Ban alisema. "Saa mbili asubuhi, wiki mbili mfululizo."

Tak aliitazama ile kalamu.

"Siku moja pale kwenye mzunguko, lori lilituingilia. Wewe hukukanyaga breki yako. Nilikanyaga mimi. Ukanisifu. Ukaniambia, 'Nimekuachia makusudi, nione kama utaweza.'" Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nimewasimulia watu kisa hicho. Nilimsimulia mama yangu. Nilipoomba kazi ya polisi waliniuliza lini niligundua kwamba sina woga, nikasimulia hicho hicho."

"So-ra," Tak alisema. Hakumwita afande, na hakugundua. "Lile lori sikuliona."

Afande Ban aliinama, akaandika. Alichukua muda mrefu kwa maneno machache kama yale. Kisha akaigeuza karatasi, akaisukuma mbele ya Tak kwa kidole kimoja.

"Weka sahihi hapa."

Sahihi ilitoka kama ya mtoto wa chekechea.

* * *

Polisi walimwachia aende mpaka atakapoitwa tena, na hospitali walikwenda kwa basi. Mama Dan-bi aliingia kwanza, akakaa. Kiti cha pembeni yake kilikuwa wazi, lakini aliweka mkoba juu yake. Tak akakaa nyuma, akawa anatazama shingo ya mkewe njia nzima.

Huko nyuma ndiko alikolikumbuka lile tukio vizuri kwa mara ya kwanza. Asubuhi alishajiambia kwamba bibi alitokea ghafla, na mpaka saa tano alikuwa anaamini hivyo. Haikuwa kweli. Alimwona. Aliiona fulana ya njano kutoka mbali, akaiona bendera ikinyooshwa, akajisemea: bendera hiyo, simama. Na mguu ukabaki pale pale. Akaungoja. Aliungoja mguu wake mwenyewe, kama mtu aliyemtuma mwenzake dukani, na ulipokuja ulikuja umechelewa.

Kwa mwendo wa kilomita thelathini kwa saa, sekunde moja gari hula mita nane. Ameiandika namba hiyo ubaoni mara nyingi mpaka chaki humaliza mstari bila yeye kufikiri. Yeye alihitaji mita nne tu.

Walishuka saa tisa na nusu alasiri. Kwenye ujia wa wodi ya mifupa Tak alisimama akashika ukuta. Jasho lilimtoka mgongoni ingawa kulikuwa na baridi, na moyo ulikuwa unampiga kama aliyepanda ngazi ghorofa kumi.

"Unaumwa?" Mama Dan-bi aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu kituoni.

"Hapana."

"Sikiliza basi. Ukiingia, omba msamaha. Inama, omba msamaha, tutoke. Mengine yasubiri."

"Mengine yapi?"

"Yasubiri, Baba Dan-bi. Leo nimeshasikia ya kunitosha."

Bibi Gil alikuwa kitanda cha dirishani, mguu umefungwa, uso mdogo kama ngumi. Binti yake, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alikaa pembeni na ubao wa kuandikia. Alipowaona akasimama, akakunja uso. Lakini bibi akawahi.

"Ni Mwalimu Tak huyo? Ulimfundisha mkwe wangu. Njoo, mwanangu. Mmekula?"

Tak amemvunja mtu nyonga, na mtu huyo anamuuliza kama amekula.

"Bado, Bibi," Mama Dan-bi alijibu kwa niaba yake. "Asante."

"Kuna machungwa hapo, menyeni. Binti, wape." Binti hakusogea. "Mwanangu, nimekuharibia siku. Kesho wananipasua, kwa hiyo nimesema leo leo jambo hili liandikwe. Kosa lilikuwa langu. Niliishusha bendera mapema. Nilishavusha watoto wote, nikawa na haraka nikanywe chai na wenzangu, nikaishusha, na wewe ukaona njia nyeupe."

"Mama amekataa kulala mpaka niandike," binti alisema kwa shingo upande. "Anataka lipelekwe polisi likiwa na muhuri wake."

"Mtu ana mtoto chuoni," bibi alisema. "Afungwe kwa uzembe wa kizee kama mimi?"

Msomaji, fikiria njia ilivyokuwa rahisi. Karatasi imeshaandikwa. Muhuri mdogo wa bibi, ambao kwao hushika nafasi ya sahihi, upo kwenye kikebe chake, kando ya machungwa. Hapo wodini, ukiwaacha mume na mke, hakuna aliyesikia habari ya namba, wala ya roshani. Mama Dan-bi alishika pindo la koti la mumewe, akalivuta mara moja, kidogo.

Tak akapiga magoti.

"Hukuishusha, Bibi."

"Niliishusha, mwanangu. Naikumbuka."

"Bendera ilikuwa juu. Niliiona mimi. Niliiona tangu kwenye duka la maua."

Pindo likavutwa tena, safari hii kwa nguvu.

"Ngoja," alisema yule binti, akavua miwani. "Kutoka duka la maua mpaka kwenye ile mistari ni mbali. Kama uliiona, mbona hukusimama?"

Basi swali likawa hilo. Siku nzima Tak alikuwa analikimbia, na sasa lilikuwa limesimama mbele yake. Alitaka kulijibu. Hilo naliapia, kwa sababu nimemfuata mtu huyu wiki saba na sijawahi kumwona akitaka kitu kama alivyotaka kulijibu swali lile.

"Kwa sababu," alianza, "asubuhi ya leo, kabla sijatoka nyumbani..."

Ulimi ukawa mzito. Alidhani ni aibu. Akaumeza, akaanza upya.

"Kwa sababu mimi, kila asubuhi..."

Mtetemeko wa mikono ulikuwa umekwea mpaka mabegani. Mwili mzima sasa ulikuwa unatetemeka, meno yanagongana, ladha ya chuma mdomoni. Tangu saa kumi na mbili mwili wake haukuwa umepata kile ulichozoea kupewa, na sasa ulikuwa unakidai mbele ya watu. Taya likajifunga. Sakafu ikamjia usoni, bado inanuka dawa.

"Muuguzi!" binti aliita, na viatu vikasikika vikikimbia ujiani.

"Mshikeni kichwa," bibi alikuwa anasema, na kitanda kilipiga kelele, kwa sababu kizee yule aliyevunjika nyonga alikuwa anajaribu kuinuka amsaidie. "Mshikeni kichwa, msimwache ajigonge."

Mambo yalikuwa yanakwenda mbali na Tak, moja moja, kama taa za nyumba zinazozimwa. Dirisha likaenda. Maumivu yakaenda. Sauti ndizo zilizobaki mwisho.

"Mama Dan-bi, acha kulia, nitazame," Bibi Gil alisema. "Mumeo alikuwa anasema kila asubuhi. Kila asubuhi anafanya nini?"

Mtu alifungua kifuniko cha kikebe cha muhuri, au alikifunga.

"Bibi," alisikia mkewe akisema, "hiyo karatasi..."

Na Tak hakusikia mwisho wake.